Kuunda Mtu wa Mjini kwa Mchezo wa Kuigiza Mezani: Mwongozo Kamili

Katika mchezo wa kuigiza mezani kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimulizi huongoza hadithi na kuwaigiza watu wengine wote, na dadu huamua kama jaribio limefaulu. Kundi la wachezaji likiingia mjini huanza na maswali madogo: chakula kinauzwa wapi, nani anakodisha mashua, kwa nini lango limefungwa mapema. Wanaojibu maswali hayo ni mlinzi, hamali, mama lishe, mpaa samaki. Msimulizi aliyetumia wiki nzima kuandika historia ya wafalme na majoka hukwama hapo hapo, kwa sababu hakumwandaa mtu wa kuuza maandazi. Mwongozo huu unahusu kumwandaa mtu huyo.

Hatua zenyewe zinafaa kwa mchezo wowote wa kuigiza wahusika wenye ulimwengu wa kubuni. Pale tunapotoa namba tunafuata toleo la 5 la mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons, kwa kuwa kanuni zake za msingi zilitolewa kwa leseni huria mwaka 2023 na yeyote anaweza kuzipakua bure.

Msimamo wetu ni mmoja: mtu wa mjini huundwa kutokana na kazi yake na watu anaodaiana nao. Sura, mavazi na habari za utotoni huja baadaye, na mara nyingi hazihitajiki kabisa.

Vifaa

Kata karatasi ya A4 vipande vinne. Kila kipande ni mtu mmoja. Nafasi ikikuishia, ujue umeandika mengi mno. Tumia penseli, maana mtu huyu atabadilika baada ya kila kikao.

Ukikosa dadu ya pande 20, chukua karata: shupaza kuanzia ree hadi 10 ziwe namba 1 hadi 10, kopa kuanzia ree hadi 10 ziwe 11 hadi 20. Changanya, chomoa moja, irudishe, changanya tena. Usipoirudisha uwezekano haubaki sawa: wachezaji wataanza kuhesabu namba kubwa zilizobaki. Dadu ya pande 4 inapatikana kwa dadu ya ludo; ikitoka 5 au 6, rusha upya. Kutumia dadu mbili za ludo badala ya ile ya pande 20 hakufai, kwa sababu jumla ya 7 hutoka mara nyingi sana na 2 au 12 kwa nadra, na kanuni zote zimepimwa kwa namba zenye nafasi sawa.

Hatua ya 1: Kazi, na kazi ndani ya kazi

"Mfanyabiashara" ni neno pana mno. Andika anauza nini, anakipata kwa nani, na kinaharibika baada ya muda gani. Hilo la tatu ndilo linalomfanya awe na haraka, na mtu mwenye haraka ni rahisi kumwigiza.

Anayeishi Dar es Salaam ana darasa la bure kwenye soko la samaki la Feri asubuhi. Simama pembeni utazame samaki wale wale wanavyopita mikononi mwa watu: mvuvi anawashusha, mnadi anawapigia mnada, mchuuzi ananunua, mpaa samaki anaondoa magamba, mkaanga samaki anawatia kwenye karai, hamali anabeba ndoo, na muuza barafu anamhudumia kila mmoja wao. Hao ni watu saba na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Hamishia mnyororo huo kwenye mji wako wa kubuni na tayari una mtaa mzima. Badala ya samaki weka mayai ya joka, magamba ya nguva au chuma kilichoanguka kutoka mbinguni. Mnyororo utabaki vile vile.

Kwa mfano wetu tunachukua mji wa bandari tuuite Rasi Mkoko, ulioazima umbo kutoka Kilwa Kisiwani, mji aliofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 na uliokuwa ukipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, takriban mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Habari hii ina faida mezani: mapigano ndani ya chumba chembamba hayawezi kuwa sawa na mapigano uwanjani. Anayetaka kuona kwa macho aende Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert, akatazame vitu vya Kilwa, kisha Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, akatazame nyumba za jadi za bara na pwani.

Mtu wetu ni Bi Tatu, mchoma chokaa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo na kuchomwa. Kinachobaki huachwa wazi kwa miezi kadhaa kilainike kabla ya kutumika kujengea. Kazi hiyo moja inakupa karibu kila unachohitaji. Bi Tatu anahitaji wakata magogo ya mikoko na wachimba matumbawe. Anauza kwa mafundi ujenzi na kwa mkuu wa ukuta wa mji. Hawezi kuharakisha, kwa kuwa chokaa ya leo ilichomwa miezi mingi iliyopita. Anaogopa masika, maana wakati wa mvua tanuri lake haliwaki na mafundi hawajengi. Na ana moshi. Majirani wanamchukia kwa sababu ya moshi.

Ukimaliza, andika nyakati mbili: anafanya nini alfajiri, na anafanya nini baada ya magharibi. Wachezaji wana tabia ya kurudi usiku.

Hatua ya 2: Madeni

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Jibu maswali matatu: anamdai nani, nani anamdai, na nini kitatokea ikifika siku ya kulipa naye hana.

Fanya hesabu za kweli, kwa sababu hesabu zinazaa hadithi zenyewe. Katika kanuni, sarafu 1 ya dhahabu ni sarafu 10 za fedha, na sarafu 1 ya fedha ni 10 za shaba. Kibarua asiye na ujuzi hulipwa fedha 2 kwa siku. Maisha ya kimaskini yanagharimu fedha 2 kwa siku. Maana yake hamali wa bandarini habakiwi na kitu hata akifanya kazi siku zote saba. Hiyo ndiyo sababu anapokea rushwa ya fedha 3 bila kuuliza jina la mtoaji. Humhitaji "hamali mwovu"; hesabu imeshamaliza kazi.

Fundi hulipwa dhahabu 2 kwa siku, yaani mara 10 ya hamali. Kwa mji mdogo pengo hilo ni pana mno, na tunashauri ulipunguze hadi fedha 12 kwa siku. Maisha ya kawaida yanagharimu dhahabu 1, sawa na fedha 10. Fundi anabakiwa na fedha 2 kila siku, 14 kwa wiki.

Sasa waunganishe watu wako kwa upatu. Chukua watu 6, kila mmoja atoe fedha 5 kila wiki. Kijumbe anakusanya 30, sawa na dhahabu 3, na kumpa mwenye zamu. Mzunguko unaisha kwa wiki 6. Tazama kinachotokea: fundi akiugua siku moja tu anapoteza fedha 12 kati ya 14 alizobakiza, na mchango wa wiki umemshinda. Mgonjwa mmoja ametikisa nyumba sita. Na hamali hawezi kabisa kuingia upatu huu, jambo linalokuambia nani mtaani anajiona ametengwa.

Bi Tatu ni wa zamu ya wiki ya 4, na fedha hizo 30 ni za kuwalipa wakata magogo, ambao wamesema bila malipo hawarudi mikokoni. Wiki ya 3, kijumbe anadai mkoba umeibwa. Wachezaji wakiingia mjini siku hiyo wana kesi kamili bila zimwi hata moja, na kila mtu watakayemhoji ana sababu yake ya kuwa na hasira.

Angalia pia upande wa pili. Wachezaji hutembea na dhahabu mfukoni, na dhahabu 1 ni ujira wa hamali wa siku 5. Mchezaji akinunua mkate wa shaba 2 kwa dhahabu, muuzaji hana chenji. Mfanye aseme hivyo kwa sauti, watu wageuke. Baada ya hapo vibaka wanajua, madalali wanajua, na bei ya malazi imepanda kabla hawajafika nyumba ya wageni.

Hatua ya 3: Namba

Mtu wa kawaida kwa kanuni ana alama 10 katika nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kinga yake, yaani namba ambayo dadu ya mshambuliaji lazima ifikie ili ampate, ni 10, pointi zake za uhai, yaani madhara anayoweza kubeba kabla ya kuanguka, ni 4, mwendo wake futi 30. Rungu lake linaongezewa 2 kwenye dadu ya kushambulia na linadhuru kwa dadu ya pande 4. Mlinzi wa mji ana uhai 11 na kinga 16.

Tunamkanya kila msimulizi asiongeze uhai wa mtu wa mjini ili "asife ovyo". Udhaifu huo ndio uzito wake. Mpira wa moto wa mchawi hurusha dadu 8 za pande 6, wastani 28, ndani ya duara la futi 20 kuanzia katikati. Hata anayefanikiwa kukwepa hupata nusu, yaani 14. Ndani ya duara hilo sokoni hakuna mchuuzi wa uhai 4 atakayebaki. Wachezaji wakilijua hilo mapema, watafikiri mara mbili kabla ya kupigana penye watu, na mji utaanza kuwa na thamani kwao.

Badilisha namba tatu tu. Pandisha mbili kulingana na kazi, shusha moja, kisha mpe ujuzi mmoja anaowazidi wachezaji. Bi Tatu: ustahimilivu 13, maana amebeba mawe maisha yake yote, hivyo uhai unakuwa 5. Haiba 8. Akili 12, na kwa mambo ya mawe, chokaa na kuta anapata nyongeza ya 5 kwenye dadu (1 ya akili, pamoja na ujuzi wa 2 uliozidishwa mara mbili). Mhusika wa ngazi ya kwanza akitaka kujua ukuta wa kale una ufa wapi, ni heri amuulize Bi Tatu kuliko kujirushia dadu mwenyewe. Wachezaji humheshimu mtu anayejua wasichokijua.

Hatua ya 4: Anachojua

Andika mistari mitatu. Wa kwanza ni jambo ambalo mji mzima unalijua, na analitoa kwa yeyote anayesalimia: ukuta wa kaskazini unabomoka. Wa pili ni jambo analolijua kwa kazi yake, na analitoa kwa anayemsaidia au kumlipa: mkuu wa ukuta amenunua nusu tu ya chokaa inayotakiwa. Wa tatu ni jambo analoliamini kimakosa, na analitetea kwa nguvu zote: mzimu wa mikokoni ndio unaobomoa ukuta.

Mstari wa tatu husahaulika mno, na ukisahaulika watu wote wa mjini hugeuka vipaza sauti vya msimulizi. Mtu anayekosea kwa nia njema huwafanya wachezaji walinganishe maneno ya huyu na ya yule, na hapo ndipo wanapoanza kufikiri.

Kama ana siri, iwekee milango mitatu ya kutokea: kitu kinachoonekana, mtu mwingine anayeijua, na hali inayomfanya aiseme mwenyewe. Siri ya Bi Tatu ni kwamba amechanganya majivu kwenye shehena ya mwisho ili itimie kipimo. Inaonekana kwa rangi ya kijivu kwenye ukuta mpya, kijana wake wa kazi anaijua, naye mwenyewe ataisema ukuta ukimwangukia mtu. Siri yenye mlango mmoja hufia kwenye karatasi, kwa sababu wachezaji watapita mlango mwingine.

Hatua ya 5: Salamu na sauti

Huna haja ya kubadilisha sauti yako. Chagua kitu kimoja: kasi, neno analolirudia, au anachofanya kwa mikono akizungumza. Kuigiza lafudhi ya kabila fulani tunakukataza. Meza ya Dar hukaliwa na watu wa kila mkoa, kicheko cha kwanza kitakuwa cha wote na cha pili kitamuumiza mmoja.

Lugha yetu ina nyenzo kubwa kuliko lafudhi, nayo ni salamu. Mkubwa huamkiwa shikamoo, naye hujibu marahaba. Anayeruka hatua hiyo na kuuliza swali lake moja kwa moja amejitambulisha tayari. Iwekee kanuni: aliyemwamkia mzee ipasavyo kabla ya kumshawishi anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa, aliyeanza na swali anarusha mara mbili na kuchukua ndogo. Wachezaji watajifunza kwa kikao kimoja.

Andika sentensi mbili tayari kwenye kadi. Za Bi Tatu zinaweza kutoka hivi:

– Shikamoo, Bi Tatu.

– Marahaba, wanangu. Mkitaka chokaa, sina. Mkitaka maneno, hamieni upande unaotoka upepo, moshi huu hauchagui mgeni.

Kwa maneno hayo machache wachezaji wameshajua kuna uhaba, wanamwona alipokaa, na wana mahali pa kusimama.

Kwa mwanamke wa mjini, kanga ni mdomo wa pili. Mpe jina la kanga aliyovaa na lilenge mtu: Bi Tatu akipita kwa kijumbe amejifunga iliyoandikwa "Wema hauozi", mtaa mzima umeelewa, na mchezaji anayetazama vizuri atapata fununu bila kurusha dadu.

Kama mji una mbilikimo wa milimani, watu wa majini na wanadamu, usifuate ile njia iliyozoeleka ya kufanya mbari zote zichukiane. Wape utani. Mtani anaweza kukutukana hadharani na kukunyang'anya kitoweo, lakini siku ya msiba wako anakuja kukuchekesha na kukusaidia kazi, na kumkasirikia ni aibu yako. Mgeni asiyejua atadhani kuna ugomvi, atachomoa upanga, na msimulizi atakuwa amepata tukio zuri la asubuhi ya kwanza mjini.

Kadi ikikamilika

Bi Tatu, mchoma chokaa, Rasi Mkoko, makamo. Alfajiri: kupanga mawe. Usiku: kulinda tanuri. Anadaiwa fedha 30 na wakata magogo, siku 9 zimebaki. Anamdai mkuu wa ukuta malipo ya shehena moja. Upatu: zamu ya 4. Uhai 5, kinga 10, ustahimilivu 13, haiba 8, mawe na chokaa +5. Anajua: ukuta, nusu ya chokaa, mzimu (si kweli). Siri: majivu. Mikono: anajifuta vumbi kila anapokaribia kudanganya.

Kadi kama hii inachukua dakika 15 ukishazoea. Kwa kikao cha saa 3 andaa watu 5, wawili wawe wanadaiana, kisha orodha ya majina 10 yasiyo na mtu. Mchezaji akimuuliza jina mpita njia ambaye hukumwandaa, chukua jina la juu kwenye orodha, likate, mpe kazi iliyo jirani na kazi ya mtu unayemjua. "Mimi ni kijana wa kazi wa Bi Tatu" inakutoa kwenye shida na kuukaza mji.

Yanayoharibika mezani

Watu wawili wa mjini wakianza kuzungumza wao kwa wao, msimulizi anajisemesha peke yake na wachezaji wanashika simu. Wakikutana, simulia kwa ufupi kwamba wamebishana na nani ameondoka kwa hasira, kisha mgeukie mchezaji.

Mtu wa mjini akipendwa sana, msimulizi hutamani kumpeleka safarini. Akishawaongoza njia na kupiga pigo la mwisho, wachezaji wamekuwa watazamaji. Bi Tatu ana tanuri; haliachwi likiwaka. Kazi uliyompa katika hatua ya 1 ndiyo sababu ya kweli ya kubaki nyumbani.

Wachezaji wakimuua, usiwaadhibu kwa walinzi 20 waliotokea ghafla. Fuata madeni. Wakata magogo wanakuja kudai kwa mrithi, upatu unavunjika, ukuta unakosa chokaa. Mambo hayo hufika polepole na kwa haki, na hakuna atakayesema msimulizi amekomoa.

Na kila anayekutana nao asiwape kazi ya kufanya. Mjini mtu mmoja kati ya watano awe na ombi. Wengine wawe na shughuli zao, wajibu na kuendelea nazo.

Kikao kikiisha, kabla hamjakunja karatasi, pitia kadi za waliotokea tu. Futa siku zilizopita kwenye madeni, sogeza zamu ya upatu, andika jambo moja ambalo mtu huyo sasa analijua kuhusu wachezaji, na utaje ataipeleka habari hiyo kwa nani kwanza.